Soya Nyeusi ya Ester

"Mama Castory, mwanao kashalishwa."

Mwamvita alilisema hilo huku anafunga mafungu ya mchicha, bila hata kuinua uso, kama mtu anayesema mvua imekatika. Winfrida, ambaye Mlali nzima inamwita Mama Castory, alijifanya hakusikia. Lakini Mwamvita alikuwa hajamaliza. Yeye kila wiki hupeleka mboga Morogoro mjini, na njia yake hupita Mafiga, mtaa anaokaa Castory na mkewe Ester.

"Siku hizi hana kijiwe, hana mpira. Akifunga karakana tu, huyoo nyumbani. Anajifungia jikoni na mkewe, komeo juu. Majirani wameiona chupa, ina kitu cheusi, haina karatasi wala jina. Ndicho anachotiliwa kwenye chakula."

"Chakula gani?"

"Cha Kichina, eti. Hicho ndicho kichaka cha kujifichia."

Limbwata. Mwamvita hakulitaja neno lenyewe, lakini Mama Castory alikwenda nalo shamba, akarudi nalo, akalala nalo. Alijiambia ni umbea wa sokoni. Halafu akakumbuka kuwa Castory hajakanyaga Mlali tangu Noeli. Akakumbuka zamani alikuwa akipiga simu kila Jumapili baada ya misa, na siku hizi anatuma ujumbe wa maneno mawili. Mama akitaka kuamini baya la mkwewe hakosi ushahidi, ataupata hata kwenye salamu.

Siku ya gulio akapita kwa bwana mmoja mgeni aliyetandaza mizizi yake juu ya turubai. Yule bwana hakuuliza mwanao anaumwa nini wala ana umri gani. Alimfungia unga wa kahawia kwenye kipande cha nailoni, akamwambia autie humo humo anamolishiwa. Atatapika kila alicholishwa, akili itamrudia.

Mama Castory akafunga ndizi na maharage, akaenda Mafiga.

Ester alimpokea vizuri, na hilo nalo likamtia shaka. Shikamoo mama, karibu mama, akamtua mzigo, akamtandikia kitanda kwa shuka mpya. Binti huyu alizaliwa Turiani, baba yake mfanyakazi wa mashamba ya miwa. Ni mpole, si msemaji. Mama Castory aliingia naye jikoni akijifanya anasaidia, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye chupa. Ilikuwa imesimama kando ya chumvi, nyeusi tii.

"Hii nini, mkwe wangu?"

"Soya hiyo, mama. Nanunua kwa mama Sherbanu, yule Mhindi wa dukani mjini. Yeye analeta dumu kubwa, anatupimia kwenye chupa tulizoenda nazo."

"Soya."

"Ndiyo mama. Yale maharage ya soya wanayachachusha na chumvi mpaka yanatoa maji meusi. Ukiikolezea nyama, hutaki tena nyanya."

Sasa Mama Castory alikuwa amelea watoto wake kwa uji wa soya. Soya anayoijua ni unga mweupe, unachanganywa na wa mahindi na karanga, kliniki wanausifia. Soya nyeusi kama oili chafu hajawahi kuisikia. Akatabasamu, akasema aa, kumbe. Moyoni akasema huyu ananifanya mtoto.

Jioni Castory akarudi, mikono ina masizi ya kuchomelea. Alimwamkia mama yake, akaoga, akaingia jikoni. Ester akamfuata. Komeo likalia. Mama Castory alibaki sebuleni akisikiliza. Moto ulikuwa unavuma kama wa mhunzi, karai linachacha, harufu ya tangawizi na kitunguu saumu inapita chini ya mlango, na katikati ya yote hayo, vicheko.

Chakula kilipotoka aliona kiporo cha jana, mchele mzuri wa Dakawa, kimekaangwa na mayai na karoti. Mwanangu analishwa kiporo, akawaza. Mboga ya chainizi nayo ililia mdomoni kama majani mabichi. Alipouliza kama haijaiva, Ester akacheka.

"Chainizi ikilainika, mama, ladha imekimbia. Na wali wa kukaanga unataka uliolala. Wa moto unakuwa bokoboko."

Kilichomtisha zaidi ni Castory. Alikuwa hali kitu. Alikuwa anamtazama mama yake mdomoni, tonge kwa tonge, hakopesi. Mama Castory akasema moyoni, hayo si macho ya mwanangu.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Ester alipokwenda bombani kuchota maji, Mama Castory aliifungua ile chupa, akautia unga wote, akaitikisa mpaka povu likapanda. Akaipangusa chupa kwa khanga, akairudisha kando ya chumvi.

Jioni Castory na mkewe wakajifungia jikoni tena. Wanawake wakala wali mweupe na chainizi ya chumvi tu, kwa sababu ilikuwa Kwaresima. Castory peke yake alijipakulia nyama.

"Ijumaa ya Kwaresima hii, baba," mama yake alimwambia.

"Nyundo haifungi, mama."

Hakumaliza sahani. Alishika tumbo, akainama, akakimbilia nje. Mwanzoni Mama Castory alishukuru, akajua kinatoka. Lakini hakikuisha kutoka. Kilitoka juu na chini, mpaka fundi yule mwenye mabega kama mlango akawa anabebwa na majirani kupakiwa kwenye bajaji, macho yamegeuka, anamwita Ester kwa sauti ya mtoto.

Hospitali walimtundikia dripu. Daktari akauliza amekula nini. Ester alieleza kila kitu, nyama, tangawizi, vitunguu, soya. Mama Castory akaulizwa kama ana la kuongeza. Akasema hana.

Asubuhi akaja Magreth, dada yake Castory, mwanamke asiyejua kunong'ona.

"Wewe ulikula nini, wifi?"

"Wali na chainizi."

"Na nyama?"

"Jana Ijumaa, wifi."

"Ijumaa. Ukamfungia Mungu wako, mume ukamwachia sumu."

Ester aligeuka akamtazama mama mkwe wake, akasubiri. Neno moja tu lilitakiwa pale: hata mimi sikula nyama. Mama Castory akainamisha kichwa, akaanza kuhesabu vigae vya sakafu.

Ester akatolewa kwenye nyumba yake na begi moja, akapanda basi kurudi kwao Turiani. Chupa Magreth akaifunga kwenye khanga, akaifungia kabatini, akasema huo ni ushahidi.

Castory aliporudi nyumbani alikuwa amekonda, haongei. Mama yake alimpikia uji, akamnywesha, na kila kijiko alichompa kilikuwa kama kinamuuliza yeye. Usiku hakulala. Alikuwa amemtoa mwanawe kwenye ulozi usiokuwepo, akamtia kwenye ugonjwa wa kweli, na mtoto wa watu ndiye anaitwa mchawi huko Turiani. Mara mbili alimwita Castory ili amwambie. Mara zote mbili akaishia kumuuliza kama maji ya kuoga yamepoa.

Siku moja simu ya Castory ikawaka juu ya meza, ujumbe kutoka kwa Ester. Mama Castory alisoma shule ya msingi tu, lakini kusoma anajua.

"Castory, waambie nani alishika mwiko ile Ijumaa. Mimi niliapa sitasema na sisemi. Ila wewe unaweza."

Hakuelewa. Akaiacha simu kama alivyoikuta.

Kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye neno, kwa hiyo Mjomba Alois, kaka yake Mama Castory, aliteremka kutoka milimani kuja kukata shauri. Ester akaitwa. Alikuja na baba yake, mzee mfupi aliyekaa akiwa ameshika kofia, hakuivaa wala kuiweka chini. Ester aliwaamkia wote, hata Magreth.

Mjomba akasema kwa upole kwamba yeye hakuja kuita mtu mchawi. Alikuja na desturi.

"Chakula kikisemwa vibaya, aliyepika anaonja mbele ya watu. Kikiwa kizima, maneno yanaisha leo. Ester, mama, uko tayari?"

"Niko tayari, mjomba."

Magreth akaleta chupa na kijiko. Hapo Castory akasimama, ameshika ukuta.

"Mjomba, aliyepika ni mimi."

Watu wakatazamana.

"Wewe?" Magreth akasema. "Wewe hata chai ulikuwa unaunguza."

"Karai nililigonga mimi karakanani. Jiko la feni nimelichomelea mimi, maana chakula kile kinataka moto mkali, na moto naujua. Ester alinifundisha mara ya kwanza, nikanogewa. Kijiwe kikanishinda. Mlango tulikuwa tunafunga kwa sababu yangu, nilikuwa naona aibu kuonekana nimekaa na kisu namenya kitunguu saumu. Ile siku ya kwanza mama alikula, nikawa namtazama nione kama kimempendeza. Nyama ya Ijumaa nilipika mimi, soya nikamimina mimi. Mmemwita mke wangu mlozi, na kanyamaza kunitunzia siri ya jikoni. Nami nimemwacha anyamaze."

Mama Castory alihisi kiti kinazama. Macho yale. Tonge kwa tonge.

Mjomba alikohoa. Akasema basi aliyepika ndiye aonje. Castory akanyoosha mkono, lakini Ester alikuwa mwepesi, akakichukua kijiko yeye.

"Tumbo lako bado bichi. Chupa niliileta mimi hapa, naonja mimi."

Akamimina kijiko kikajaa. Kikawa kinang'aa cheusi, na juu yake vipande vidogo vya kahawia vinaelea. Ester akakiinua.

"Ester," Mama Castory akasema. "Weka kijiko chini."

"Acha, mama, nimalize maneno."

"Weka chini, mwanangu. Humo nimetia dawa mimi."

Aliyasema yote palepale, hakubakiza. Mwamvita, gulio, turubai, unga wa kahawia, bombani. Alisema mpaka vile alivyoshukuru mwanawe alipoanza kutapika. Magreth alikaa chini taratibu. Mjomba Alois alikitwaa kijiko mkononi mwa Ester, akakimwaga nje mwenyewe, na chupa pia.

Ester ndiye aliyeongea kwanza.

"Hospitali nilikutazama, mama."

"Nilikuona."

"Ulijua kwamba na wewe hukula nyama."

"Nilijua."

Castory akamsogelea mkewe, akaanza kusema na yeye amekosa. Ester akamzuia kwa kiganja.

"Wewe ulinyamaza kwa aibu, mama kwa woga. Lakini aliyepanda basi na begi ni mimi."

Baba yake akavaa kofia. Wakaondoka.

Mama Castory hakurudi Mlali upesi. Alikwenda na Magreth Turiani, akapiga magoti mbele ya wazazi wa Ester, akasema yale yale mbele yao, akaongeza na samahani. Walimpa maji ya kunywa. Hawakumpa jibu. Alipofika Mlali akamwendea Mwamvita pale pale kwenye mchicha, akamwambia mbele ya wateja kwamba Ester hakumlisha mtu kitu, mlishaji ni yeye Winfrida. Wateja wakasahau kulipia mboga.

Castory naye akalitoa jiko nje. Akaliweka uani, mahali mtaa mzima unapopita, akafunga khanga ya mkewe kiunoni, akapika. Vijana wa kijiweni walimcheka, wakamwita Mama Ester, wakaomba sahani. Akamtumia Ester ujumbe:

"Jiko nimelitoa nje. Wote wananiona. Mwamvita kapita leo kaonja, anasema chumvi imezidi."

Akatuma tena kesho yake, na kesho yake. Halafu simu ikalia.

"Chumvi inazidi kwa sababu unatia chumvi na soya pamoja. Soya yenyewe ni chumvi. Nilishakuambia."

"Sikumbuki. Njoo uniambie tena."

"Jumamosi. Ukaninunulie soya kwa mama Sherbanu. Safari hii nunua yenye kizibo kizima."

Akarudi. Mbele ya mumewe akamwekea mama mkwe sharti moja tu, kwa sauti ya kawaida: chochote atakachopika mama ndani ya nyumba ile, ataonja yeye kwanza, mbele yake. Mama Castory akasema ni haki.

Tangu hapo kila alipokuja Mafiga akapika maharage, alipika mlango wazi, na kabla ya kupakua alichota kijiko, akala, akameza, akasubiri. Ester alimtazama, kisha akaleta sahani. Ikawa hivyo siku za Kwaresima zilizobaki, ikawa hivyo Pasaka na mvua za masika. Ilimuuma kila mara, na kila mara aliona imestahili.

Siku moja alikuwa amekaa na Castory wakimenya tangawizi, sufuria ya maharage imeiva. Akachota kijiko, akakipuliza. Ester akaja kwa nyuma, akakitoa mkononi mwake, akakila mwenyewe.

"Yamepungua chumvi," akasema. "Niletee ile soya, mama."

Mama Castory akainuka kuifuata, na machozi yakawa yanamtoka mpaka chupa hakuiona vizuri.

Mama mwenzangu unayesoma hii, epuka haya:

Usipokee neno la sokoni juu ya mkweo ukalala nalo. Muulize mwanao kesho yake asubuhi.

Usitie kitu kwenye chakula cha mtu kwa siri, hata ukiambiwa ni dawa, hata kama umemzaa.

Usinunue dawa kwa mtu asiyeuliza mgonjwa ni nani.

Chakula usichokijua usikiite uchawi. Uliza kinapikwaje.

Usimcheke mwanaume anayepika, utamfanya afunge mlango.

Na mkweo akikutazama mbele za watu akisubiri neno lako, usiangalie sakafu.