Mpango wa Watu Tisa

Kila asubuhi kabla ya shule, Mashavu aliteka maji kwenye jabia, lile birika kubwa la kukusanyia maji ya mvua kando ya msikiti wa kisiwa cha Koyama. Ndoo ya kwanza aliipeleka nyumbani, alikoishi na bibi yake, Mwanatumu. Ya pili aliipeleka kwa mzee mmoja jirani ambaye magoti yalimsumbua. Hiyo ilikuwa kazi ya Kikundi cha Kujitolea cha shule, na Mashavu, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, ndiye aliyekuwa mwenyekiti.

Hakuna aliyemchagua. Kabla yake mwenyekiti alikuwa Dalila, rafiki yake tangu utotoni. Baada ya Idi, baba yake Dalila alipata kazi ya kuunda mashua Kismayo, familia nzima ikahama. Wanachama wengine wanne walikuwa wamehama kabla yao. Sasa Mashavu alikwenda shule peke yake, akiupita mlango wa kina Dalila uliotiwa kufuli. Alikuwa amemtumia rafiki yake ujumbe kwa simu ya Bibi. Siku kumi na moja zilipita bila jibu.

Siku moja Mwalimu Waleed, aliyehamia shuleni muhula huo, alimwita Mashavu baada ya masomo.

"Kila mwaka kikundi hiki huanza upya," alisema. "Wakubwa wakiondoka, wadogo hawajui chochote. Nataka tuwe na mpango wa miaka mitatu."

Akampa simu yake na kumwonyesha programu ya akili unde, ile inayojibu maswali kwa maandishi kama mtu.

"Itakuuliza mambo ya kikundi, kisha itakusaidia kupanga. Wewe ijibu tu kama mambo yalivyo."

Mwalimu alipokwenda kusahihisha madaftari, Mashavu alibaki darasani peke yake. Programu ikauliza: *Kikundi kina wanachama wangapi, na wana umri gani?*

Aliandika jina lake, kisha Zaituni, Badi na Abdulrazaq. Hao ndio waliobaki, na wote watatu walikuwa wa darasa la nne. Akaitazama ile orodha fupi. Kumwacha Dalila nje aliona ni kama kumfukuza. Basi akaandika na jina lake, halafu majina ya wale wengine wanne waliohama. Wakawa tisa.

*Je, wote tisa wapo kisiwani sasa?*

"Ndiyo," akaandika.

Baada ya muda mfupi mpango ukatokea, mrefu na mzuri. Kazi ya kwanza ilikuwa kusafisha jabia kabla ya masika: watatu waingie ndani kuchota tope, wanne wavute ndoo, wawili wazibue mfereji unaoingiza maji. Kwa siku mbili kazi itakwisha.

Mwalimu aliusoma, akafurahi. "Hawa wengine mbona siwaoni shuleni?"

"Wako Kismayo kwa jamaa zao," Mashavu alijibu akitazama chini. "Watarudi wiki ijayo."

Mwalimu akaamini, maana watoto wa kisiwani huenda Kismayo na kurudi. Jioni hiyo aliwaambia wavuvi waliozoea kusafisha jabia kwamba mwaka huu wasijisumbue, wanafunzi wataifanya kazi hiyo. Wavuvi wakashukuru, wakaenda Ras Kamboni kuvua kwa siku kadhaa.

Wiki iliyofuata Mashavu alishuka ndani ya jabia pamoja na Zaituni. Maji machache yaliyosalia walikuwa wameyahamishia kwenye mapipa. Badi na Abdulrazaq walisimama juu wakivuta kamba. Tope lilikuwa zito, limechanganyika na majani na kinyesi cha mbuzi kilichoingia kwa njia ya mfereji. Ndoo moja iliwashinda wale wadogo, ikawaponyoka na kumwagika yote.

"Dada Mashavu," Zaituni aliuliza akijifuta uso, "Dalila na wenzake, uliosema watarudi kutusaidia, wanakuja lini?"

"Kesho."

"Jana pia ulisema kesho."

Mashavu aliinama akaendelea kuchota. Hakuwahi kujisikia mpweke kama alivyojisikia humo ndani ya jabia, ingawa Zaituni alikuwa karibu naye kabisa.

Siku ya pili adhuhuri, tope lilikuwa halijapungua hata nusu. Viganja vya Zaituni vilikuwa vimechubuka. Mbingu upande wa bahari ilikuwa imefunga mawingu meusi. Masika yalikuwa yamewahi, na mvua ikinyesha, maji ya kijiji kizima yangeingia kwenye uchafu ule.

Mashavu akapanda ngazi, akakimbia hadi shuleni. Alimkuta Mwalimu Waleed mlangoni akiyatazama mawingu.

"Mwalimu, nilisema uongo," alisema akihema. "Hawaji. Wamehama wote watano. Tumebaki wanne tu, na jabia ni chafu."

Mwalimu akamgeukia. "Dalila pia, yule unayemtaja kila siku?"

"Dalila pia." Hapo machozi yakamtoka.

"Utalia baadaye. Twende tukawaite watu."

Walipita nyumba kwa nyumba. Wanaume wengi hawakuwapo, lakini kina mama walitoka na ndoo zao. Bibi Mwanatumu alifika na mkongojo wake, akachungulia ndani ya jabia, akatikisa kichwa.

"Leo hamtamaliza, hata mkiwa wachu mia," alisema kwa Kibajuni chake. "Zibeni mfereji. Mvua hii iacheni ipite, iende zake baharini. Ile ijayo ndiyo yetu."

Wakajaza magunia mchanga, wakaziba mfereji huku matone ya kwanza yakianguka. Mvua ilinyesha hadi magharibi. Watu walisimama barazani wakiyaangalia maji matamu yakimwagika bure. Mashavu alitamani mtu amgombeze, lakini hakuna aliyemgombeza.

Siku mbili zilizofuata, kijiji kizima kilichota tope. Mapipa yalipokauka, watu walikunywa maji ya kisima yenye chumvi. Siku ya sita tangu kazi ianze, mvua ilirudi. Mfereji ukafunguliwa, na jabia safi ikaanza kujaa.

Alhamisi Mwalimu alimkalisha Mashavu darasani, akampa tena simu.

"Si programu iliyokosea," alisema. "Iliambiwa kuna watu tisa, ikapanga kazi ya watu tisa. Haina macho ya kuona nani amehama. Mimi nina macho, na sikuyatumia. Kosa langu ni hilo."

"Niliona nikilifuta jina la Dalila nitakuwa nimebaki peke yangu."

"Na ulipoliacha, hukuwa peke yako?"

Mashavu aliinamisha kichwa. "Nilikuwa peke yangu zaidi."

Akaandika upya: wanachama wanne, watatu kati yao wana miaka kumi. Programu ikaleta mpango mdogo. Kazi nzito zifanywe pamoja na watu wazima. Kila kazi ijulikane na watu wawili, mkubwa na mdogo. Mwishoni ikauliza: *Nani ataongoza mwaka wa tatu?*

Mashavu alifikiri sana. Baada ya miaka mitatu atakuwa na miaka kumi na sita. Shule ya Koyama itakuwa imemwishia, naye huenda awe Kismayo kama wengine. Akaandika: "Zaituni. Mimi nitakuwa nimeondoka."

Mwalimu alisoma jibu lile taratibu.

"Hapo umepanga," alisema. "Anayepanga mambo ya miaka ijayo lazima akubali ukweli wa leo, hata ukimuuma. Watu wakijua mko wachache, watakuja kuwasaidia. Wakidhani mko wengi, watakwenda zao kuvua."

Mashavu akarudisha simu, akatoka nje. Zaituni alikuwa akimngoja ukutani, viganja vyake vimefungwa kitambaa.

"Twende," Mashavu alimwambia. "Leo nakufundisha kuzibua mfereji."