Bei ya Kufagia

Kila asubuhi fundi cherehani alianza kushona saa kumi na mbili. Mama mkwe wake, Bibi wa watoto, alichemsha chai. Watoto wawili waliamshwa mara tatu ndipo waamke: binti wa miaka kumi na mbili, na mdogo wake aliyeitwa Kiroboto kwa kutotulia. Vyombo vya jana vilibaki kwenye karai.

Siku moja Fundi alichoka kupiga kelele. Alichukua karatasi, akaandika bei, akaibana kwenye pazia la jikoni kwa pini zake. Kufagia ua, sarafu tano. Kuosha kikombe, sarafu moja.

"Atakayefanya atalipwa," akasema. "Atakayekaa, shauri yake."

Wiki ya kwanza nyumba iling'aa. Wiki ya pili alimkuta Kiroboto akipaka vikombe safi masizi.

"We! Unafanya nini?"

"Natafuta kazi, mama."

Bibi alicheka mpaka akakohoa. Fundi hakucheka.

Alhamisi, mafuta ya kupikia yalimwagika jikoni. Binti aliyaona, akayaruka, akaenda zake. Bibi akaingia na birika tupu. Akateleza, akaanguka kwa kishindo. Kifundo cha mkono kikavimba papo hapo.

Jirani yao alikuwa nesi. Alikuja mbio, wakampeleka Bibi zahanati. Mfupa haukuvunjika, ila mkono ulifungwa bandeji na kutakiwa kupumzika wiki tatu.

Waliporudi, Fundi aliwaita watoto. "Nani aliyaona mafuta?"

"Mimi," binti akasema, macho chini. "Lakini mama, hayakuwa na bei."

Fundi akainua mkono. Nesi akaitazama ile karatasi.

"Usimpige mtoto, jirani. Amefuata ulichoandika."

"Kwa hiyo nisiwape hela?"

"Wape. Kidogo, siku moja kwa wiki, wajifunze kutumia na kuweka. Lakini usiifunge hela hiyo na ufagio. Kazi za nyumba ni za kila anayekula humu. Zigawe kwa zamu na kwa umri, mvulana na msichana sawa. Zisile muda wa masomo, wala zisiwe za hatari. Ukiwa na kazi ya ziada, kama ya cherehani yako, hiyo unaweza kulipia."

Fundi alichomoa pini zote, akaichana karatasi.

"Hatulipwi tena?" Kiroboto akaruka. "Basi nimegoma!"

"Goma, bwana mkubwa. Na mimi sipiki kwenye sufuria chafu."

Jumamosi mchana sufuria zilikuwa chafu. Bibi alikuwa amekwisha kunywa uji wake. Fundi alikaa kwenye cherehani, hakuinuka. Saa saba ikapita. Saa nane ikaingia.

"Mama, huoni njaa?"

"Naona. Naona na sufuria."

"Mwanangu, waonee huruma," Bibi akanong'ona.

"Ndiyo hii huruma yenyewe, mama."

Binti alivuta karai kwanza. Kiroboto akafuata akinung'unika, akasuuza. Saa tisa wakala.

Tangu siku hiyo kazi zilikwenda kwa zamu. Kila Jumamosi watoto walipewa sarafu sawasawa, bila kuulizwa nani kaosha nini. Kiroboto alimaliza zake kwa biskuti kabla ya Jumapili, akakaa wiki nzima mikono mitupu. Wiki iliyofuata aliweka nusu. Binti alitaka viatu vya michezo, kwa hiyo alishona vifungo vya nguo za wateja, na kwa kazi hiyo alilipwa.

Wiki tatu zilipotimia, Nesi alimfungua Bibi bandeji. Bibi akakunja vidole, akakunjua, kisha akachukua ufagio ajaribu nguvu. Kiroboto akamnyang'anya.

"Hapana, Bibi. Leo zamu yangu."

"Ehe! Unalipwa ngapi?"

Kiroboto alimtazama kwa mshangao.

"Nilipwe na nani? Si kwetu hapa? Bibi, hebu sogeza miguu."