Betri ya Kimashine cha Mama

Duka la vipuri vya simu lilikuwa limejaa pomoni mchana ule. Mwoka mikate alikuwa amekuja mbio katika nusu saa yake ya mapumziko, aproni juu ya gauni la buluu, unga ungali kwenye kope. Muuzaji alikitupia jicho kimashine cha kusikilizia nyimbo alichokileta, akamwambia akitupe, vya namna ile havina betri siku hizi.

"Kina nyimbo alizoimba mama yangu na kwaya yake," akasema mwoka mikate. "Haziko pengine popote."

Pembeni yake alikuwepo fundi wa miwani aliyekuja kununua skrubu, kijana mrefu, shati limepigwa pasi likanyooka. Alikiomba, akakigeuzageuza, akasema angeweza kukifungua jioni hiyo nyumbani, mama mwenyewe akiwepo. Mwoka mikate hakuwa mtu wa kukaribisha wageni wa njiani. Lakini mama yake alikuwa na maradhi ya kusahau, na tangu nyimbo zinyamaze alikuwa akizunguka vyumbani akiwatafuta wenzake wa kwaya. Akakubali.

Jioni fundi alitandika taulo mezani, akabandua kifuniko taratibu. Betri ilikuwa imevimba kama shavu la mwenye jino bovu. Akaeleza kwamba ukiilazimisha huwaka moto, na kwamba mpya ya kipimo kile lazima iagizwe. Wakapeana namba za simu, akaondoka na kimashine.

Basi kila jioni akawa anapiga simu kusema betri haijafika, na habari hiyo fupi iliwachukua saa nzima. Alimwita Unga. Naye Unga alimuuliza mbona anatengeneza miwani ya watu na yake imepinda.

"Nasubiri mtu wa kunitazama kwa makini aninyooshee," akajibu.

Wiki ya tatu Unga alipita kibandani kwa fundi na mkate wa moto. Fundi akamwambia betri bado. Kumbe mezani palikuwa na kiboksi kilichofunguliwa, betri mpya ndani yake, na kando yake kimashine, waya umeng'oka.

Fundi akainamisha kichwa. Ilikuwa imefika tangu Jumatatu. Alipoivuta ile ya zamani, gundi iligoma na waya ukatoka nayo.

"Niliogopa nikikwambia hutapokea simu yangu tena."

"Ukaona afadhali nipokee uongo."

Unga akavitia vyote mkobani, akaondoka. Kwa hasira, mkate akausahau.

Siku nne hakupokea simu yake, ingawa kila ilipoita alikuwa ameketi karibu nayo. Siku ya tano alimkuta mama yake getini, amevaa ndala mbili zisizofanana, akiwauliza wapita njia mazoezi yanaanza saa ngapi. Alimshika mkono, akamrudisha ndani, na kiburi chote kikamwishia. Akapiga simu.

"Njoo na vifaa vyako. Ila utafanya mbele yangu, na kikiharibika unaniambia hapohapo."

"Hapohapo," akaitikia.

Fundi alikuja, akaomba radhi kwa maneno machache, akaketi. Waya ulikuwa mwembamba kama unywele, akamwomba amshikie kwa kibanio. Mkono uliozoea kukanda unga haukutetemeka. Vichwa vyao vikakaribiana, moshi mwembamba wa risasi ya kuungia waya ukapanda katikati yao.

"Hapa nimekosea kidogo," akasema fundi, bila kuulizwa. "Ngoja nirudie."

Maneno hayo tu, na moyo wa Unga ukalainika.

Akaunga upya, akalaza betri, akabonyeza. Taa ikawaka. Sauti za wanawake zikajaa chumba, na mama, kwenye kochi, akadakia ubeti wa pili bila kukosa neno. Fundi akazinakili nyimbo zote kwenye simu ya Unga kabla ya kufunga kifuniko.

Wimbo ulipokwisha mama akamtazama kijana. "Huyu nani?"

"Fundi tu, mama," kijana akajibu upesi, akianza kukusanya vifaa.

"Fundi keshamaliza kazi yake," akasema Unga. Uso ulimwaka, lakini hakuyarudisha maneno. "Huyu ni mchumba wangu, mama. Akikubali."

Bisibisi ikamponyoka fundi, ikaviringika hadi chini ya meza. Hakuiangalia.

"Nimekubali," akasema.

Mama akajisogeza pembeni ya kochi. "Mchumba mzima, na mmemwacha amesimama?"