Mkwe Aliyeshtakiwa kwa Kelele za Lori

"Pakieni kila kitu chake! Leo anarudishwa kwao Iringa!"

Aliyepiga ukelele huo hakuwa adui wala jirani mwenye kijicho. Alikuwa Edmund, mume wa Tusajigwe wa ndoa ya kanisani!

"Na mtoto?" Tusajigwe akauliza.

"Mtoto anabaki. Mtoto ni wa ukoo."

Mtoto mwenyewe alikuwa mgongoni kwake, bado ananyonya...

Jamani, nisomeni taratibu, maana naandika nikiwa na hasira. Huyu Tusajigwe ni bibi yangu. Ni miaka ya hamsini, Ilomba ya Mbeya ikiwa bado migomba mitupu. Ndugu zangu wakisimulia kisa hiki huwa wanacheka. Mimi hata siku moja sijawahi kucheka.

Kosa lake lilikuwa nini? Lori!

Ndiyo, lori. Baba mkwe wake, Mzee Fanueli, alikuwa na lori la jeshi lililobaki baada ya vita, lile la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Lilikuwa roho yake. Wiki ile lilianza kulia mbele: ka! ka! ka! Kila likikata kona, ka! ka! ka!

Sasa sikilizeni. Kwa Wanyakyusa wa enzi hizo mke wa mtoto hakutani macho na baba mkwe. Akimwona anachepuka, anajifunika, na jina lake halitaji. Bibi alikuwa na shuka lake la kujifunikia, jeusi lenye pindo jekundu. Mzee Fanueli mwenyewe ndiye aliyemnunulia siku ya harusi.

Basi siku moja akalianika uani, likapotea.

Kesho yake anatoka jikoni na sufuria mikononi... huyo! Uso kwa uso na mzee! Hana hata kitambaa! Sufuria likaanguka, maharage yakamwagika yote, naye akakimbia amejiziba uso kwa viganja.

Siku tatu baadaye lori likaanza kulia.

"Unaona, Tata?" Edmund akamwambia baba yake. "Huyu mwanamke amekutazama. Amekuletea mkosi kwenye gari."

Mzee Fanueli alikuwa mzee wa kanisa, Jumapili anasoma Biblia mbele za watu. Lakini likija suala la mila, Biblia ilikaa kabatini.

"Arudi kwao," akasema. "Baba yake amfundishe upya."

Hivyo tu! Mke wa mtu, mama wa mtoto, kwa ajili ya ka-ka-ka!

Asubuhi ile majirani walijaa uani kama kuna msiba. Kitanda chake kilishapandishwa juu ya lori. Mama mmoja alikuwa anakuja kumtoa mtoto mgongoni.

Ndipo bibi yangu akachemka.

"Mwe! Asiniguse mtu!"

Yule mama akarudisha mikono.

Mnapaswa kujua kitu kimoja. Baba yake bibi, Ambrosi, alikuwa dereva kule Tosamaganga, Iringa. Bibi alikua akimshikia taa baba yake akiwa chini ya gari. Sauti za gari alizijua kama mwingine anavyojua sauti za ng'ombe wake. Na wiki nzima alikuwa amenyamaza, kwa sababu angemwambia nani? Mwenye lori ni mkwe, na mkwe hasemeshwi!

Akakwapua khanga ya wifi yake Lusia, akajifunika gubigubi, akaenda kusimama nyuma ya ua wa matete.

"Wifi, mwambie mwenye gari anipe nafasi moja tu. Kama ni mkosi, nitapanda mwenyewe bila kusukumwa. Kama ni ugonjwa wa gari, mtoto wangu haguswi."

Lusia akageuka. "Tata, anasema..."

"Nimesikia," mzee akasema. "Aseme."

Edmund akaruka. "Tata! Mwanamke anajua nini habari za..."

"Nimesema aseme!"

"Wifi, mwambie ainue gurudumu la mbele la kushoto kwa jeki. Alishike juu na chini, alitikise."

Wakaweka jeki. Mzee akatikisa.

"Halichezi," Lusia akatangaza.

"Basi si beringi. Beringi ikifa inalia hata barabara ikiwa imenyooka, na gurudumu linacheza. Mwambie sasa ashushe, awashe, azunguke uwanja. Gia ya magurudumu ya mbele aitoe, lori livute kwa nyuma tu."

Lori likazunguka migomba. Likakata kulia, likakata kushoto. Kimya! Hata ka moja!

Watu wakaanza kunong'ona.

"Aingize gia ya mbele. Azunguke vilevile."

Ka! Ka! Ka! Ka!

"Sasa wifi muulize mwenye gari, huo mkosi wangu unajua gia? Ikiingia unaamka, ikitoka unalala?"

Mtu mmoja akaangua kicheko. Mzee Fanueli hakucheka. Alizima injini, akateremka, akasimama akilitazama gurudumu.

"Muulize shida iko wapi," akamwambia Lusia. Sauti ilikuwa imepungua.

"Ndani ya lile tufe la chuma nyuma ya gurudumu la kushoto. Humo mna jointi inayopeleka nguvu kwenye gurudumu huku linakata kona. Imekwisha. Lori limeendeshwa na gia ya mbele kwenye barabara kavu, ngumu, yenye kona nyingi. Na mwambie ainame anuse."

Mzee akainama. Akanusa. Akakunja uso.

"Ndizi?"

"Ndizi za kuungua," bibi akasema. "Kila lori likirudi nasikia harufu hiyo. Mlidhani ni mzigo wa ndizi. Mbona hata likienda tupu linanuka?"

Hapo Edmund akaanza kurudi nyuma polepole, kama mtu aliyekumbuka ana mbuzi wa kufunga.

"Edmund," mzee akaita. "Lete spana."

"Tata, tungesubiri fundi wa mjini..."

"SPANA!"

Mzee Fanueli alilala chini mwenyewe, na kanzu yake ya heshima. Alifungua bolti moja moja. Tufe lilipoachia, hapakuwa na grisi humo. Mlikuwa na ndizi mbivu zilizopondwa, nyeusi, zimeshindiliwa ili kuziba sauti! Na pale ndizi zinapotaka kuvuja, pamefungwa kitambaa kuzunguka.

Akakivuta. Kikatoka kirefu, kinadondoka uchafu.

Akakikung'uta.

Cheusi. Pindo jekundu.

Jamani... mzee yule alilijua shuka lile! Alilichagua dukani kwa mkono wake!

"Edmund," akasema, karibu kwa kunong'ona. "Ulikwenda wapi na gari langu?"

"Chunya..."

"Nilikukataza Chunya."

"Mara moja tu, Tata. Kuna... kuna mtu nilimpelekea vitu vyake. Mlima ulikuwa mkali, nikaingiza gia ya mbele, nikasahau kuitoa mpaka narudi... Likaanza kulia. Niliogopa, nikaziba kwa ndizi, zikalinyamazisha siku chache tu."

Kuna mtu! Mnaelewa ni mtu wa aina gani, sihitaji kuwachorea picha.

"Ukaiba nguo ya heshima yangu, ukaizibia gari. Mke wako akakutana nami bila cha kujifunika. Na wewe ukanyamaza, ukasema ni mkosi wake."

 Edmund alitazama viatu vyake, mwanaume mzima!

Mzee Fanueli akauendea ua wa matete. Alipokaribia akageuka, akampa bibi mgongo, asije akamwona.

"Lusia, mwambie binti yangu nimekosa. Mizigo ishushwe."

Wote wakamgeukia bibi. Mlidhani atalia kwa furaha, sivyo?

"Wifi, mwambie nimesikia, na ndaga, asante. Lakini mizigo isishuke. Kurudishwa nimekataa, sasa nakwenda mwenyewe. Na mtoto nakwenda naye. Na mwenye gari anipeleke yeye, akamweleze baba yangu kwa mdomo wake."

 Mzee akaingia ndani akatoka na blanketi, akalitundika katikati ya kiti cha mbele, upande mmoja dereva, upande wa pili abiria. Edmund akaambiwa apande nyuma, kwenye kitanda cha mkewe.

Wakaenda Iringa hivyo, wakivuta kwa magurudumu ya nyuma. Bibi mbele na mtoto, blanketi katikati, hawakusemeshana neno. Walipofika Tosamaganga mzee akaeleza yote mbele ya Ambrosi, bila kuruka kitu. Kisha akapanda lori lake peke yake. Edmund alirudi Mbeya kwa miguu.

Bibi hakurudi tena Ilomba. Mtoto yule ndiye baba yangu, na ndiyo maana mimi ni Mnyakyusa ninayejua Kihehe tu.

Na nyinyi mnaocheka, shikeni hili: kabla hujapakia mizigo ya mke wa mtu, fungua gurudumu kwanza.