Asali Ilitangulia

Mvua ya Aprili 2014 iliwakuta warina asali porini, kusini mwa Makere, ikawafungia kwenye kilima kidogo katikati ya mikono miwili ya mto. Asubuhi Badru alichomeka kijiti ukingoni. Kabla hawajamaliza kunywa uji, kijiti kilikuwa kimezama.

Mdogo wake, Lukmani, alikuwa ameanguka mtini akitundika mzinga. Mguu ulivunjika chini ya goti, na sasa vidole vilikuwa vya baridi.

"Shemeji, tumvushe sasa hivi," alisema Asia, mke wa Lukmani. "Huoni mguu unavyokuwa mweusi?"

"Naona."

"Sasa unangoja nini?"

Badru ndiye aliyekuwa mkubwa wa msafara, na siku ile ukubwa ulimlemea. Kungoja ni kufa maji. Kuvuka pengine ni kufa maji mapema zaidi. Aliogopa, wala hakujifanya.

"Tukiunda chelezo cha mizinga, sijui kama kitamudu," alisema. "Basi kitangulie na kitu tunachoweza kukipoteza."

Walifunga pamoja mizinga miwili mitupu ya magogo, wakaziba midomo yake kwa udongo. Ng'ambo, Reverien, mwenzao aliyekuwa akiwasubiri na pikipiki, alidaka kamba waliyomrushia ikiwa imefungwa jiwe; ya pili ilibaki mkononi mwa Badru. Kisha Badru akapakia madumu ya asali, mavuno ya msimu mzima, mpaka uzito ukakaribia wa mtu.

"Asali yote?" Asia alishika kichwa.

"Yote. Mzigo mwepesi utatudanganya."

Reverien akavuta. Katikati ya mkondo chelezo kilikaa mshazari, maji yakakipanda ubavuni, kikapinduka. Madumu yakaenda na mto. Asia akalia kwa sauti, maana akilini alimwona mumewe chini ya yale magogo, amefungwa.

Badru alikirudisha kwa kamba ya nyuma, akalitazama fundo, akajilaani. Kamba zote mbili walizifunga kiunoni mwa mizinga, kama wafanyavyo siku zote wakiipandisha mtini. Alizifungua. Moja akaifunga kichwani mwa chelezo, nyingine mkiani, hiyo akaishika mwenyewe.

"Yewe Reverien! Vuta polepole! Nikipiga kelele, acha!"

Safari hii hakikugeuka. Lukmani alivuka macho ameyafumba, midomo ikisoma dua, mpaka mikono ya Reverien ikamshika. Asia akafuata. Badru alivuka mwisho, maji yakiwa yamekimeza kilima, bila mtu wa kumshikia kamba ya mkia.

Zahanatini, mguu ukiwa kwenye banzi, Lukmani alifumbua macho.

"Kaka, asali imefika?"



"Ilikutangulia, mdogo wangu. Ikazama."

 Lukmani akajaribu vidole vyake vya mguu, na vikacheza.