Siku za Mwenye Chumba

Jua lilikuwa linazama mama alipofika hotelini, mtoto mgongoni, mkononi mfuko wa mapazia aliyoyashona mwenyewe. Yeye na mumewe waliuza kiwanja wakanunua chumba kimoja mle: siku thelathini kwa mwaka wakae wao, nyingine hoteli ikipangishe. Mume alifanya kazi mji huo, yeye mji mwingine. Siku hizo thelathini ndizo zilikuwa nyumba yao.

Mpokea wageni akatazama orodha, akasema mwenye chumba yumo, ameingia zamani.

Zamani? Mume alimwambia yuko kazini, wangekutana usiku.

Kikulacho ki nguoni mwako, mama aliwaza. Akapanda ngazi akinyata, pua ikitafuta manukato ya kike.

Mlangoni ikamfikia harufu nyingine.

Kafuri, ile wanayopakwa maiti.

Akaingia. Hakukuwa na mtu. Kitanda kilitandikwa vizuri, ila upande mmoja ulibonyea. Akagusa shuka... baridi kama jiwe la kisimani. Bafuni maji yakadondoka. To... to... Kisha yakafungwa.

Akatoka kinyumenyume hadi kwenye korido, akamgonga mtandika vitanda, mwanamke wa makamo. Yule hata hakushtuka. Alimpangusa mtoto jasho kwa upindo wa aproni, akanong'ona.

"Usije ukagombana na mumeo bure, mwanangu. Hajakanyaga hapa."

"Basi ni nani?"

"Mzee aliyewauzia. Mliponunua alibaki na siku zake za mwaka, akafa hazijaisha. Alikuwa mpole, kila akiondoka ananiachia kitanda amekitandika mwenyewe. Nilimwonea huruma. Nikawa naandika kwenye orodha, mwenye chumba yumo, ili azimalize."

Mama akashusha pumzi. Mume wake hakuwa na kosa, na huruma ya yule mwanamke aliielewa; hata yeye angefanya vivyo hivyo. Akauliza, kwa upole, mzee amebakiza siku ngapi.

Mtandika vitanda akainamisha uso.

"Zake ziliisha mwezi uliopita. Niliacha kuandika. Lakini kila asubuhi nakuta imeandikwa."

"Sasa anakaa kwa siku za nani?"

"Zenu, mwanangu. Nimezihesabu. Ya leo ndiyo ya mwisho."

Mlango ukajirudisha nyuma yao. Kitasa kikazungushwa kutoka ndani, taratibu, kama afanyavyo mtu aliyechoka, aliye kwake, anayetaka kulala.