Vidole Mgongoni mwa Bibi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Idalina alimtungia bibi yake uzi kwenye sindano. Pale mjini Itauguá, nani hakumjua Bi Eusebia kwa kufuma lesi? Lakini jicho lake la kushoto lilikufa tangu utotoni, na sasa la kulia nalo lilimsumbua. Mistari ya lesi iliyokwenda upande, Idalina aliifumua kimyakimya.

Hatimaye walikwenda hospitali. Daktari Ovelar, mama wa makamo, akalipiga picha jicho la kulia. Akaeleza kwamba utando umeota juu ya retina, ngozi ya ndani ya jicho inayopokea mwanga, na kuikunja kama kitambaa kilichovutwa uzi. Alisema atauondoa kwa upasuaji.

"Nitafuma tena, mwanangu?" Bibi akamuuliza.

Daktari akafungua faili. Mwaka jana, kwenye zahanati, jicho hilo lilisoma chati ya herufi hadi mstari wa mwisho. Basi ugonjwa ni mpya, akasema, na jicho linalowahiwa hurudi vizuri. Bibi akaanza kupanga atakavyofuma kitambaa cha altare cha mwezi wa saba. Idalina akaitazama ile faili.

Siku ile kwenye zahanati, Idalina alisimama nyuma ya Bibi. Kwenye chati ile mgonjwa husema miguu ya herufi E imeelekea wapi. Kila herufi E ilipogeuka, alimbonyeza mgongoni: juu, chini, kulia, kushoto, vilevile kama Bibi alivyombonyeza yeye akimfundisha kupeleka sindano alipokuwa mdogo. Bibi mwenyewe ndiye aliyemwomba. Aliona haya, fundi mzima kuambiwa haoni.

"Daktari, yale majibu yalikuwa yangu," Idalina akasema huku analia. "Bibi alikuwa haoni vizuri tangu wakati ule."

Daktari akaifunga faili.

"Umefanya vizuri kusema. Utando nitautoa, na mistari unayoiona imepinda itanyooka kiasi. Lakini tumechelewa mno. Bi Eusebia, usitegemee kufuma tena."

Ikawa hivyo hivyo. Miezi mitatu baada ya upasuaji, Bibi aliona mlango na nyuso za watu, ila uzi hakuuona tena. Akamkabidhi Idalina fremu yake ya kufumia.

"Kosa ni langu, mjukuu wangu," akasema. "Ila shika hili: mgonjwa, hata awe mkubwa wako, usimsaidie kumdanganya daktari. Unamnyima dawa."

Idalina alipoanza kufuma, Bibi akaweka kidole mgongoni mwake, akamwongoza kwa kumbukumbu: juu, kulia, chini. Idalina alitazama uzi kwenye fremu.

"Bibi, umepotea," akasema taratibu. "Bado tuko juu."

Kidole kikatulia, kikimsubiri.